Mkaidi Amekubali Kukaa

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili alasiri, mvua imepita sasa hivi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku macho yameshakimbilia chini kutafuta habari za Mama, lakini vumilia kidogo, salamu kwanza. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na ule mgongo wake umetulia? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo, na yule kitinda mimba ameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima. Mimi niko vile vile unavyonijua, macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, mikono imejaa makovu madogo madogo, na mdomo bado haujapata dawa.

Mama ni mzima, tena mzima sana. Haya, umeshapumua. Sasa niache nisimulie kwa mpangilio wangu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu ina tabia ya kukatika nikiwa katikati ya kujisifu, na safari hii sitaki kukatizwa na mtu wala mtambo. Dada, Mkaidi ametoa maua. Soma tena kama hukuamini. Hapa kwangu, kwenye ua huu wa saruji na vyuma chakavu, Mkaidi ametoa maua meupe tawi zima, na aliyemwotesha ni mimi, mdogo wako, ambaye ulisema mbele ya watu kwamba anaweza kukausha hata maua ya plastiki.

Wewe unamjua Mkaidi, lakini wapwa zangu hawamjui, kwa hiyo sehemu hii wasomee kwa sauti. Mkaidi ni kichaka. Si kichaka cha kuletwa kutoka mbali wala ua la dukani. Ni cha huku huku kwetu, cha porini, kinachoota chenyewe kwenye miteremko ya mawe ambako hata mbuzi hupita kwa kufikiria. Majani yake ni madogo, magumu, yanang'aa, na hayapukutiki mwaka mzima. Kiangazi kinakausha kila kitu, yeye amesimama kijani kibichi, hana habari. Mama alimchimba huko mlimani akiwa mche mdogo, akampanda kando ya mlango wa nyumba yetu ya zamani. Watu wakamwambia anapoteza muda, mti wa mlimani haufugiki. Mti ukashika, na jina likawa Mkaidi. Mama alikuwa akianika sare zetu za shule juu yake, na msimu wa maua ulipofika tulikwenda darasani tunanukia kuliko walimu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia, kwa sababu kila ulipopiga simu Mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya yeye kuanguka kwenye zile ngazi, kwamba ile nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, afunge aje akae kwangu. Ulilia kwenye simu, mimi nikasingizia mafua. Basi alikuja. Alikuja mgeni, Dada, na akabaki mgeni. Alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni. Jikoni! Mama yule yule aliyekuwa akitufukuza na mwiko mpaka barabarani. Akitaka maji ya kunywa anasema, "Samahani, kama si usumbufu." Wifi yako akimpakulia chakula, anashukuru mpaka unaona haya kumeza. Alikuwa anatandika kitanda kabla hatujaamka, na ukiingia chumbani kwake usingejua kama kuna mtu anaishi humo.

Nilimwambia, "Mama, hapa ni kwako." Akajibu, "Ndiyo baba, Mungu awabariki." Ungejibu nini hapo? Wifi yako alimkabidhi funguo za kabati la vyombo, kesho yake akazikuta zimerudishwa kwenye msumari. Binti yetu, yule msusi mwenye kichwa kigumu cha shangazi yake, alimwomba amfundishe mapishi, Mama akasema kila nyumba ina mapishi yake. Iliniuma sana. Mimi kazi yangu ni kuunga. Naunga mageti, naunga vitanda, naunga mpaka mikokoteni iliyokatika katikati. Lakini Mama niliishi naye chini ya paa moja na sikujua nimuunge wapi.

Siku moja nilimkuta amesimama dirishani, anaangalia uani. Uani kwangu unakujua, mabomba, nondo, mlango wa gari usio na gari. Akasema, kama anajisemea, "Hapa hakuna kitu kibichi." Halafu akageuka akaniona, akaniomba radhi. Mama yangu mzazi ananiomba radhi kwa kusema ukweli. Hapo hapo nikaapa kimoyomoyo kwamba Mkaidi atakuja kuota chini ya lile dirisha, nipende nisipende, apende asipende.

Nilianza kwa yule muuza miche wa njia panda. Akanionyesha vichaka vya majina marefu vilivyonyolewa mviringo. Nikamwambia sitaki hivyo, nataka kile cha mlimani kisichopukutisha majani. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Fundi, kile ni kichaka cha bure. Nani atakaa amwoteshee mtu kitu cha bure?" Nikamjibu kwamba nitaotesha mwenyewe. Akazidi kucheka.

Nikasafiri hadi nyumba ya zamani. Mkaidi yupo, Dada, amenenepa mpaka amefunika nusu ya dirisha la chumba chako. Nilikuwa nimekwenda na jembe na sululu nikidhani nitamng'oa mzima nimpakie kwenye gari kama kabati. Nilichimba mpaka nikaona mizizi imeingia chini ya msingi na kukumbatia mawe. Kumtoa mzima kungekuwa kumuua. Basi nikakata vijiti vya ncha, vile laini vya kijani vinavyopendeza macho, nikavifunga kwenye kitambaa chenye maji, nikarudi navyo mbio. Nikavichomeka kwenye ndoo ya udongo wenye samadi, nikaiweka juani mbele ya karakana ili vipate nguvu. Vilipata nguvu ya kufa. Vilikauka vyote, vikawa vyeusi, na wifi yako akapita pale na kusema, "Poleni na msiba."

Nikamrudia muuza miche, kichwa chini. Nakiri hakunicheka tena, alinionea huruma. Akaniambia kijiti cha kuotesha kisiwe kichanga wala kisiwe kimekomaa. Ukikipinda kisilegee na kisivunjike, kirudi chenyewe. Ah, hapo nilimwelewa mara moja, maana ndivyo ninavyochagua chuma cha kukunja. Nikasafiri tena. Safari hii nilipinda kila kijiti kwa vidole kabla ya kukata. Nikakata chini ya kifundo, nikatoa majani ya chini, ya juu nikayapunguza nusu. Nikavipanda kwenye ndoo ya mchanga mnene, nikavifunika kwa chupa ya plastiki niliyoikata kitako, nikaviweka kivulini chini ya karo la jikoni. Kazi ikabaki moja, kusubiri bila kugusa.

Hiyo ndiyo ilinishinda. Kila nikipita navuta kijiti kidogo kuona kama kimeshika. Wifi yako alinivumilia, alinivumilia, mwisho akaihamisha ndoo akaificha. Niliitafuta nyumba nzima. Nilipomuuliza, alisema kuna vitu vinaungana vyenyewe mtu akitoa mikono yake. Maneno hayo niliyaweka akilini.

Vijiti vingi vilikufa hata hivyo. Kimoja kilishika. Siku wifi yako alipotoa ndoo mafichoni na kunionyesha jani jipya, nilipiga kelele mpaka wateja wangu wakadhani nimejiunguza. Tulimpelekea Mama. Aligusa jani, akanusa vidole vyake. Halafu akasema, "Asanteni, mmejisumbua," akaingia chumbani. Nilivunjika moyo, sikufichi. Ila baadaye nilipita nje nikaona amesogeza kiti chake mpaka dirishani.

Nilivunja saruji kwa nyundo chini ya dirisha lile, nikachimba shimo la kutosha kufukia jiko, nikalijaza samadi bora niliyoipata. Nilitaka mtoto wa mlimani ale ashibe. Nikampanda Mkaidi, nikasimama mbele ya nyumba nzima na kutangaza kwamba kumwagilia ni kazi yangu peke yangu, mtu mwingine asithubutu. Wifi yako akanitazama tu.

Mwanzoni alipendeza. Kisha majani yakaanza kugeuka njano. Dada, kichaka kisichojua kupukutika, kwangu kikaanza kupukutika. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kushikwa nayo kwa kazi yoyote, na haikuwa hofu ya kichaka. Nilijua kwamba Mkaidi akifia hapa, Mama ataona kwamba kitu cha kwake hakiwezi kuishi kwangu. Hatasema. Atashukuru kwa chakula, atatandika kitanda, na atabaki mgeni mpaka siku yake. Nikaongeza maji. Jani likizidi kuwa njano, mimi naongeza jagi.

Sasa sikiliza ujinga wa familia yako. Siku moja umeme ulikatika, karakana ikalala, nikawa huru mchana, saa ambazo huwa nimeinamia moto upande wa pili siangalii dirishani. Nikachukua jagi langu nikaenda uani. Nani yuko pale? Wifi yako, ameinama, anamimina maji ya birika taratibu asisikike. Tukaangaliana. Kabla sijafungua mdomo, kona ya nyumba ikamtoa binti yetu, katoroka saluni mapema maana nako umeme umekatika, mkononi ana ile chupa ya kunyunyizia nywele, imejaa hadi shingoni.

"Wewe si ulisema kazi ni yako?" wifi yako akaniambia. "Nilikuwa naona hummwagilii!"

"Nammwagilia kila asubuhi!"

"Kumbe?" binti akasema. "Mimi nilidhani nyote mmemsahau, ndiyo maana napita kila jioni."

Kila mtu alikuwa anadhani mwenzake ni mzembe, kila mtu alikuwa anaiba zamu, na kila mtu akiona jani la njano anaongeza kwa siri. Maskini Mkaidi, aliyezoea mawe na jua, tulikuwa tunamnywesha watu watatu kwa zamu. Tukaanza kubishana nani ndiye muuaji, na bado, utacheka, kila mtu ameshikilia maji yake.

Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Weka chini hiyo birika! Na wewe, jagi chini! Mnaniulia mti wangu!"

Tuliganda. Hiyo sauti hatukuwa tumeisikia tangu alipohamia. Tukasikia mlango wa chumba, tukasikia hatua, na Mama akatokea uani akiwa pekupeku, amepita jikoni bila hodi. Alimnyang'anya binti ile chupa. Alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye udongo, akakitoa kimejaa tope, akatuonyesha mmoja mmoja.

"Mti wa mawe mnaufanya mpunga?"

Nikauliza, "Mama, kwani ulikuwa unatuona?"

"Kila siku. Asubuhi wewe, mchana mke wako, jioni huyu na manukato yake ya nywele."

"Sasa mbona hukusema?"

Alifuta tope kwenye kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitasemaje, baba, kwenye nyumba ya watu?"

Dada, nilikaa chini, pale pale kwenye tope. Alikuwa amekaa dirishani siku zote hizo, anaangalia mti wake mwenyewe ukizama, anajua kabisa unachohitaji, na aliona heri ufe kuliko kutoa amri kwangu. Aliyeniokoa ni wifi yako, na kwa hili nitamheshimu maisha. Alifuta mikono kwenye nguo yake akasema, "Basi hao watu ndio hawa, Mama, na mti umewashinda. Tuambie tufanye nini."

Mama alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akamwangalia mjukuu wake. Nadhani alikuwa anatafuta kama kuna mtu anayemcheka. Hakuna aliyecheka. Akavuta kopo tupu la rangi, akaligeuza, akakaa juu yake.

"Cheche," akaniita, "leta sululu. Na hiyo samadi yote itoke. Nani alikudanganya mti huu unakula samadi?"

Tulifanya kazi mpaka jua lilipozama, na sijawahi kufokewa hivyo tangu nikiwa shuleni. Tulimtoa Mkaidi na udongo wake. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka. Mama aliikata mwenyewe kwa koleo yangu ya waya, akaacha ile myeupe iliyokaza. Akanituma kutafuta kokoto, vipande vya tofali na mchanga mnene, tukajenga kilima kidogo ili maji yasikae, tukampanda upya juu yake. Akasema mizizi imepungua kwa hiyo matawi nayo yapungue, akamkata kwa juu bila huruma. Wifi yako alifumba macho. Mimi niliona kama ananikata masikio. Kisha tukafunga gunia kumkinga na jua, tukatandaza majani makavu kuzunguka lakini mbali na shina, maana shina linataka kupumua.

"Kuanzia leo," akasema akijifuta mikono, "hakuna anayegusa maji hapa bila ruhusa yangu. Nitaingiza kidole, nikikuta kukavu ndani, nitasema. Nisiposema, pita zako." Halafu akaingia jikoni na kuuliza kwa nini chumvi imewekwa juu mahali ambapo yeye hafiki.

Usidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Mkaidi aliendelea kudondosha majani hadi yakabaki ya kuhesabika. Kila asubuhi Mama alikuwa wa kwanza uani, anaingiza kidole, anasimama, anarudi ndani kimya. Kuna siku nilimwona anarudi na midomo imekaza, nikashindwa kushika kazi siku nzima. Wifi yako naye alipoteza usingizi. Tulikuwa tunatembea kwa vidole karibu na lile dirisha kama kuna mgonjwa wa homa.

Mpaka asubuhi moja nikiwa katikati ya kukata bomba, grainda inalia, nikasikia jina langu limepenya kelele zote. "Cheche! Zima hilo dude uje!" Nilikimbia na miwani usoni. Mama alikuwa amechuchumaa, ananionyesha kwa kidole kitu kwenye kifundo cha tawi. Kijani? Hapana, chekundu, rangi ya shaba mpya, kidogo kuliko punje ya mchele. Jani changa. Tulikiangalia wote wawili. Nililia, Dada, ndani ya miwani ya kazi, na ukilia ndani ya miwani ile huoni tena kitu chochote. Mama alinipiga begani akaniambia niende nikamalizie bomba la watu.

Baada ya hapo Mkaidi alikuwa anapanda kimo, na Mama naye anapanda cheo. Kwanza alisema vumbi la chuma linatua kwenye majani na kuyaziba, kwa hiyo grainda ihamie upande wa pili wa ua. Karakana yangu, niliyoipanga kwa miaka, imehamishwa na mama mzee kwa ajili ya kichaka. Nilihamisha huku nacheka peke yangu. Kisha akamwambia binti amfutie Mkaidi majani kwa kitambaa kibichi kila mwisho wa wiki, na binti, ambaye hata kikombe chake haoshi, anafuta. Kisha akaniponda mbele ya mteja kwa sababu nilikata tawi moja lililojitokeza ili umbo likae sawa. Kumbe nilikata tawi lenye vitumba vya maua. Alinieleza kwamba mti huu hupunguzwa baada ya maua, si kabla, tena kwa kuchagua tawi moja moja, si kwa kunyoa. "Ukitaka kunyoa, mnyoe mpangaji wako," akaniambia. Sina mpangaji, lakini nilinyamaza.

Na wiki hii amechanua. Maua madogo, meupe, yamejaa kwenye kila kifundo, na harufu ile ile inaingia dirishani kwa Mama, inapita kwenye korido, inafika hadi kitandani kwetu. Wateja wanaingia na mageti yao yaliyovunjika wanasimama kunusa kwanza. Wanauliza nani kaotesha. Nasema mimi. Wifi yako akiwa karibu anasema, "Ndiyo, baada ya kumuua nusu." Sijali. Muuza miche alikuja mwenyewe kushuhudia, akazunguka kichaka cha bure mara kadhaa, akaomba vijiti. Mama alimwambia asubiri maua yaishe, aje na mchanga wake, na kwanza amweleze atavipanda wapi. Yule bwana, mwenye maneno yake yote, aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Ningeweza kukuandikia usiku kucha habari za kichaka kimoja, na zamani ningemcheka mtu wa namna hiyo. Lakini najivuna, Dada, na sioni aibu. Najivunia vidole vyangu vilivyojua kupinda kijiti. Najivunia wifi yako aliyeficha ndoo. Zaidi ya yote namwonea fahari Mama, akikaa pale juu ya kopo lake anapanga ulimwengu. Nyumba yangu sasa ina kelele. Jana yeye na wifi yako waligombana juu ya sufuria mpaka wakanuniana, na leo wanacheka pamoja. Niliwasikia wakigombana nikamshukuru Mungu kimya kimya.

Basi niishie hapa, mkono umezoea chuma, kalamu inauchosha. Msalimie sana shemeji, mwambie kile kiti cha mgongo alichoniomba nitamtengenezea. Wapwa zangu wote wape salamu za mjomba, na yule anayekohoa umkumbatie mara mbili. Wifi yako anakusalimu na anasema umekonda kwenye picha. Binti anamsalimu shangazi yake, anauliza kama huko kuna mtu wa kukusuka vizuri au ajiandae.

Mama amekaa hapa pembeni, amenisikia nikitamka maneno kwa sauti, na ameniambia niandike hivi. Anasema mje wote likizo ijayo. Wewe na shemeji mtalala chumba chetu, watoto watalala kwa msusi, mimi na wifi yako tutalala sebuleni chini. Ameshapanga. Hakutuuliza.

Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya, na barabara ya kuja huku iwe nyepesi.

Wako akupendaye, na leo anayejivuna kupita kiasi,
mdogo wako,
Cheche